Nilivyoteremka vilima vya Pemba kwa baiskeli, kinyume na nilivyoshauriwa

Wanaodhani kwamba kuteremka kwa baiskeli za milimani ni jambo la Kilimanjaro au Usambara peke yake hawajapita njia za mashambani za magharibi ya Pemba. Vilima vyetu ni vifupi, havifikii hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, lakini vimefuatana, na baina yake pana mabonde ya mpunga, hivyo kila mteremko mkali wa dakika chache hufuatwa na mpando wa kukutoa jasho. Mimi ni mkaazi wa Wete, kazi yangu ni ya kukaa mezani, na baiskeli huipanda kwa kwenda sokoni na kuwatembelea jamaa. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa kabla ya safari yangu ulikuwa wa hatari, na bado nausikia ukitolewa kwa wengine.

Shemeji yangu, ambaye kila mtu mtaani humsikiliza kwa habari za baiskeli, aliniambia kwamba kwenye mteremko nisiiguse kabisa breki ya mbele kwani ingenipindua, kwamba tairi zijazwe upepo mpaka ziwe ngumu, na kwamba kiti kiwe juu ili miguu inyooke. Niliyafuata yote kwenye kilima kimoja nje ya mji. Gurudumu la nyuma lilijifunga likaacha kuzunguka, baiskeli ikaanza kuserereka ubavu ubavu juu ya udongo mwekundu wenye changarawe, na kadiri nilivyozidi kubana ndivyo ilivyozidi kwenda upande. Tairi ngumu zilikuwa zikiruka juu ya kila kijiwe badala ya kukishika, na kiti kile cha juu kilinisukuma mbele wakati ambapo miguu ilikuwa haifiki chini. Nilikwenda kusimama ndani ya shamba la mihogo, goti limechubuka na mche mmoja wa watu umevunjika, nikalazimika kwenda kuomba radhi kwa mwenyewe.

Mwongozaji niliyempata baadaye, kijana wa Konde, aliposikia habari hiyo alinieleza kwa sentensi moja: "Dada, ukibana breki uzito wote hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma likabaki jepesi, halina cha kushikia." Ndiyo maana breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi, na kinachompindua mtu ni kuikamata kwa ghafla. Alinifundisha kwenye uwanja tambarare kubana zote mbili polepole, kwa kidole kimoja kila mkono, nikamaliza kupunguza mwendo kabla ya kona na kuziachia ndani ya kona. Kabla ya hapo alinitaka nihakikishe mkono upi ni wa breki ipi, kwa sababu baiskeli nyingi zinazotoka Ulaya zina breki ya mbele kushoto, ilhali zile za desturi ya Uingereza huwa nayo kulia. Anayekodi baiskeli asiyeijua na aanze na jambo hilo.

Kisha akakishusha kiti chini kabisa, akapunguza upepo hadi tairi ikabonyea kidogo chini ya dole gumba. Isilegezwe kupita hapo, kwani tyubu itabanwa na rimu kwenye jiwe na utapata pancha mbali na fundi.

Kwa wanawake wenzangu wanaoniuliza habari ya mavazi, nilivaa suruali pana, juu yake gauni la kufika magotini, na mguu wa kulia, upande wa mnyororo, niliufunga kwa utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu mbovu. Mtandio niliupiga pini mbili kabla ya kuvaa kofia ngumu. Nilifunika kila ninachopenda kufunika, na hakuna kilichonasa siku nzima. Najivunia utepe ule kuliko kitu chochote nilichonunua kwa safari hiyo.

Pikapu ilitupandisha hadi juu ya vilima vya mikarafuu, tukateremka, ikatuchukua tena. Nilisimama juu ya pedali zilizo sawasawa, magoti na viwiko vimekunjwa, makalio nyuma ya kiti, macho yakitazama ninakotaka kwenda. Jiwe ukilikodolea macho utalipanda. Ulikuwa msimu wa mavuno, na karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya njia, kwa hiyo mwongozaji alitutaka tushuke na kukokota baiskeli kila tulipofika penye nyumba. Nilimpenda kwa hilo. Ile ni riziki ya mwaka ya watu, na vumbi la gurudumu lina haki ya kumkasirisha mwenyewe.

Mchana tuliendesha kwa utulivu katika msitu wa Ngezi hadi pwani ya Vumawimbi, tukala wali na samaki. Gharama yote, pamoja na gari na chakula, ilikuwa kama shilingi elfu sitini au sabini, bei ya mwenyeji. Mwulize mwongozaji bei hiyo mapema na kwa uwazi. Msiende wakati wa masika, udongo ule ukilowa hakuna breki itakayowasaidia. Na chukueni glavu, kwani kesho yake miguu yangu ilikuwa salama, ila viganja na vidole vya breki vilikuwa vizito hata kushika kalamu.