Pilau ana sukari: miezi minane ya kumtunza paka wangu nyumbani

Sisimizi ndio waliotuambia kwanza. Pilau ana beseni lake la mchanga uani, nyuma ya tangi la maji. Asubuhi moja ya Novemba mwaka jana nimekwenda kulisafisha, nikakuta mstari wa sisimizi unapanda ukingoni na kuzama palepale mchanga ulipolowa. Nikadhani kuna panya kafia humo. Mama akaja na khanga yake begani, akatazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu ana sukari. Baba yako alianza hivihivi, pale chooni."

Nilicheka. Mama mwenyewe ana kisukari mwaka wa 11 sasa, na kwake kila ugonjwa chanzo chake sukari. Lakini nilipokaa kufikiri sikucheka tena. Paka alikuwa anakunywa maji hadi ya ndoo ya kufulia. Anakula chake, anadoea na chetu, na bado mgongo umechongoka. Nilimbeba nikapanda naye kwenye mzani, kisha nikapanda peke yangu, nikatoa: kilo 5.2. Mwaka uliotangulia alikuwa anakaribia 7. Na kulikuwa na jambo niliwahi kuliona nikalipuuza: miguu ya nyuma alikuwa anaitembelea kwa kisigino chote, chapa chapa, kama sungura.

(Jina lake, kwa wanaouliza: akiwa mdogo tulimkuta amelala ndani ya sinia la pilau la Idi, keshalimaliza upande mmoja.)

Kwa daktari wa mifugo mashine ya kupima sukari kwenye damu ilisoma 24.6 (milimoli kwa lita). Paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. "Dada, usitishwe na namba hii peke yake," akaniambia. "Paka akiogopa, sukari inapanda hata kama haumwi. Na huyu umemleta na bajaji ndani ya tenga la kuku." Ndiyo maana akapima na mkojo: sukari tele, ketoni (tindikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) hakuna. Hilo la ketoni alilirudia. Zikionekana, na paka amegoma kula na anatapika, hayo si ya kutibia nyumbani, ni kumkimbiza usiku huohuo.

Akaniuliza anakula nini. Nikataja: wali na mchuzi wa samaki mchana, ugali na dagaa usiku, na katikati biskuti za paka za paketi, maana nilijua hizo ndizo za kisasa. Akatikisa kichwa. Paka ni mla nyama hasa. Sukari anayoihitaji mwili wake unaitengeneza wenyewe kutoka kwenye protini, huo wanga mwingi hana kazi nao. Ukichanganya na mengine, yaani dume lililohasiwa, limefika miaka 9, limenenepa, linashinda limelala juu ya vipande vya vitambaa vyangu (mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani), na mwaka juzi lilichomwa sindano za steroidi mara kadhaa kwa ajili ya kuwashwa ngozi, basi ugonjwa ulikuwa umeandaliwa mkeka.

Tulianza na insulini ya glargini, yuniti 1 kila baada ya saa 12. Nilichagua saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa sababu hapa Dar Magharibi haihamihami sana mwaka mzima, na adhana ikawa kengele yangu.

Sindano yenyewe si ngumu kama watu wanavyofikiri. Ni nyembamba mno, na Pilau akiwa kichwa ndani ya sahani hana habari nayo. Unainua ngozi ya ubavuni ifanye kama kihema, unaingiza. Siku ya tatu nilitoboa kihema upande wa pili, dawa ikaishia kwenye manyoya. Nilitaka kurudia. Bahati nzuri nilipiga simu kwanza: ukiwa huna hakika imeingia kiasi gani, usirudie kamwe, subiri zamu inayofuata. Sukari kupanda siku moja haimuui. Dozi mbili zinaweza kumuua.

Kilichonisumbua ni bomba la sindano. Lile la mililita moja wanalotoa kwa kawaida duka la dawa, kila mstari ni yuniti 2. Sasa yuniti 1 unaipimaje, kwa macho? Nilizunguka maduka manne Kariakoo hadi nikapata ya yuniti 30, ambayo mstari mmoja ni yuniti moja kweli. Tena yalikuwa yameandikwa U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, sawa na dawa yangu. Kuna insulini za wanyama ambazo ni U-40, nazo zina bomba lake. Ukichanganya hayo mawili umeharibu hesabu yote.

Baada ya siku kumi sukari bado ilikuwa juu, daktari akapandisha hadi yuniti 2. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa.

Alikuwa ameniambia nibadilishe chakula taratibu, huku nikipima, kwa sababu wanga ukiondoka mwili wa paka unaanza kuhitaji insulini kidogo kuliko jana. Nikasikia nusu. Nikaona taratibu ya nini, kama wanga ni sumu si tuutoe leo? Jumapili nikagawa biskuti zote kwa paka wa mtaani, nikachemsha kuku, Pilau akala nyama tupu siku tatu mfululizo. Stripu za kupimia nilikuwa nazibana, maana mashine ni moja na Mama naye anaitumia. Alhamisi asubuhi nikachoma yuniti 2 bila kupima.

Saa sita mchana nipo kwenye cherehani, naona anatoka chini ya meza anayumba. Akaegemea ukuta. Akataka kuruka kitini, akaanguka ubavu. Macho yamekodoka, mboni nyeusi tupu. Mikono inanitetemeka nikamtoboa sikio: 2.3.

Nilikuwa na chupa ya asali ya Tabora jikoni. Nikachovya kidole, nikampaka kwenye fizi, ndani ya shavu, tena na tena. Kumpaka, si kummiminia, asije akapaliwa. Mama amekaa chini kamshika kichwa anamsomea. Robo saa baadaye 4.1. Alipoweza kusimama nikampa kuku, akala. Lakini asali huisha haraka kuliko insulini, kwa hiyo nilikaa naye nikipima hadi usiku. Ya jioni daktari alisema niiache kabisa. Kesho yake tukarudi yuniti 1.

Tangu siku ile sijachoma bila kupima. Kipimo kikiwa chini ya 6, sichomi, napiga simu. Na asipokula, sichomi.

Kupima nako kuna ufundi. Damu inachukuliwa pembeni mwa sikio, karibu na mshipa unaopita ukingoni. Mwanzoni nilikuwa natoboa mara tano damu haitoki, paka ananichukia, mimi nataka kulia. Siri ni joto. Natia mchele mkavu kwenye soksi ya mtoto, naupasha kidogo kwenye kikaango, najaribu kwanza kwenye shavu langu, halafu nashikiza sikioni dakika moja. Huo ndio mchele pekee uliobaki kwenye maisha ya Pilau. Kisha mafuta ya mgando, chembe tu, ili tone lisimame duara badala ya kutapakaa kwenye manyoya. Nyuma ya sikio naweka pamba nisijitoboe mwenyewe. Akimaliza anapata kipande cha moyo wa kuku, na siku hizi akiiona ile soksi anakuja mwenyewe. Jambo jingine: mashine ya binadamu, kwa damu ya paka, mara nyingi husoma chini ya hali halisi. Ninatumia hiyohiyo kila siku, na daktari anajua ni ipi, basi namba zangu anazisoma kwa hesabu hiyo.

Chakula sasa. Biskuti zile, nilipokuja kusoma mgongo wa paketi, wanga haukuandikwa popote. Unautafuta kwa kutoa: protini 30, mafuta 10, majivu 8, maji 10, nyuzinyuzi 4. Jumla 62. Kilichobaki katika mia, 38, ndio wanga. Nilihisi kama nimeuziwa unga kwa bei ya nyama.

Ninachopika: mapaja ya kuku yasiyo na ngozi, firigisi, mioyo kwa wingi, na maini kidogo tu, kwani yakizidi vitamini A inakuwa sumu. Chumvi hapana, kitunguu na kitunguu saumu hapana kabisa, vinaharibu damu ya paka. Mifupa naitoa, kwa hiyo kalsiamu inakosekana. Naoka maganda ya mayai, nasaga yawe kama poda, naweka kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya nyama. Supu simwagi. Taurini, ambayo paka asipoipata moyo na macho vinaharibika, huyeyukia humo. Samaki wa sokoni Feri anapata mara mbili kwa wiki, amechemshwa. Mbichi wa kila siku huharibu vitamini B1. Daktari bado anasema jikoni pekee hapatoshi, kwa hiyo mwisho wa mwezi nanunua makopo ya nyama laini nachanganya.

Mama hajafurahi. "Paka anakula kuku kila siku, mimi mgonjwa wa miaka yote hii napewa mlenda." Majirani nao wana lao: watu hawana hela ya panadoli, wewe unamchoma paka. Sina jibu la maana. Namshonea mtu nguo moja ya ziada kwa wiki, inalipa.

Friji letu lina wagonjwa wawili. Kalamu ya insulini ya Pilau nimeifunga uzi mwekundu baada ya siku moja kukaribia kuvuta insulini ya Mama, ambayo ni ya mchanganyiko na ina mawingu. Ya Pilau huwa angavu kama maji. Ikipata ukungu inatupwa. Umeme ukikatika muda mrefu, na joto la Februari mnalijua, kalamu inaingia kwenye mfuko mkavu ndani ya mtungi wa udongo.

Mwisho wa Desemba, Jumamosi moja, nilipima kila baada ya saa mbili kutwa nzima, kuanzia saa ya sindano: 14.8, 12.1, 8.7, 6.2, 6.9, 9.5, 12.9. Niliziandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye meza, nikapiga picha nikamtumia daktari. Akanijibu kwa neno moja: "Safi." Dozi haikuongezwa. Katikati ya Ramadhani namba zikaanza kushuka zenyewe, tukaenda nusu yuniti, halafu Aprili mwishoni akasema tuache tuone. Paka wengine hufika hapo wakianza mapema na chakula kikishikiliwa. Na wengine ugonjwa hurudi. Kwa hiyo nampima mara mbili kwa wiki, na mzani kila Ijumaa. Ana kilo 5.9. Kisigino kimeinuka, ingawa kuruka dirishani bado anasita.

Idi nilimfungia chumbani kwangu hadi masinia yakaoshwa. Alilia kwa sauti ambayo wageni walidhani ni mtoto mchanga.

Leo asubuhi Pilau 6.1. Mama 11.4, na hataki kabisa niulize jana kwenye maulidi alikula nini.