Kitabu cha michikichi kwenye simu: nilivyokifanya kipatikane

Hapa Kigoma, mwongozo wa kilimo cha michikichi una wasomaji kuanzia Mwandiga hadi Uvinza, na wengi wao hawapiti kamwe kwenye duka la vitabu. Swali likiwabana wanashika simu. Kwa hiyo nilipoandaa toleo la kidijitali la mwongozo wangu, kuligeuza liwe faili ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa kuhakikisha mkulima anayeuliza analikuta. Zamani ulilipia chapa nzima kwanza, kisha maboksi yakasubiri wanunuzi. Sasa gharama karibu yote inaishia kwenye nakala ya kwanza, na nguvu iliyokuwa ikienda kwa mpiga chapa inatakiwa iende kwenye jina la kitabu, vichwa vya sura na maelezo yake.

Nianze na maneno ya kutafutia, maana hapa ndipo vitabu vingi vya Kiswahili vinapopotea. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno: mchikichi, michikichi, chikichi. Mfumo unaolinganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno hautambui kuwa anayetafuta anataka mti uleule. Ndiyo maana kwenye maelezo ya kitabu niliweka umoja na wingi, nikaongeza mawese, mise (mafuta ya kokwa za chikichi), na tenera, ile mbegu chotara ya aina mbili za mchikichi, dura na pisifera, ambayo wakulima wanaiulizia kwa jina. Yote yamo ndani ya sentensi zinazosomeka, kwa sababu maneno yaliyorundikwa yanamfukuza msomaji.

Vichwa vya sura viandikwe kama watu wanavyouliza. Sura inayoitwa "Upandaji" inaweza kuwa ya mahindi au ya mihogo. "Ekari moja inaingia miche mingapi ya michikichi?" ni swali la mtu mwenye shamba, na jibu nimeliweka kwenye sentensi ya kwanza: ukipanda kwa mraba, nafasi ya mita 9 kwa 9, ni miche 50 hivi.

Kisha kuna kurasa za mwanzo. Amazon kwa kawaida humwonyesha mnunuzi asilimia 10 ya kwanza ya kitabu bure. Kwa kitabu cha kurasa 60 hizo ni kurasa 6 tu, na sisi tumezoea kuzimaliza kwa tabaruku, shukrani na dibaji mbili. Msomaji anaondoka kabla hajaona mche hata mmoja. Nilihamishia shukrani mwisho, dibaji nikaipunguza hadi aya moja, na sura ya mbegu ikaanza mapema.

Kwa faili lenyewe, mswada niliuandaa kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kila kichwa cha sura kikiwa na mtindo wake wa kichwa. Ukikoza na kukuza herufi kwa mkono, faili halitapata orodha ya yaliyomo ya kubofya. Baada ya kulitoa kama EPUB, umbo la vitabu vya kidijitali ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo cha simu, nililifungua kwenye Sigil, programu ya kuhariri EPUB, na kukagua mstari wa lugha: uwe "sw", yaani Kiswahili. Ukibaki "en", yaani Kiingereza, simu inayosoma kwa sauti itayatamka mawese na mise kama maneno ya Kiingereza, na mtu asiyeona vizuri hatapata chochote. Mwisho pitisha faili kwenye EPUBCheck, programu inayokagua makosa ya EPUB. Ukifungua EPUB na kuifunga upya kwa programu ya kawaida ya zipu, kosa linalojitokeza mara nyingi ni la faili dogo liitwalo mimetype: lazima liwe la kwanza ndani ya kifurushi, na lisibanwe.

Wapo wasio na programu ya kusomea EPUB. Hao nawatumia PDF, lakini si ya A4, ambayo kwenye simu inamlazimisha mtu kuvuta ukurasa huku na huku. Tumia A6, yaani milimita 105 kwa 148, herufi za pointi 11, majedwali yasizidi safu tatu. Picha nilizipunguza hadi pikseli 1,200 kwa upana ili faili zima libaki chini ya MB 5. Bando ni hela.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kila umbo huhitaji namba yake ya tarakimu 13: EPUB yake, PDF yake, karatasi yake.

Kuhusu malipo, piga hesabu kabla ya kukimbilia maduka ya nje, na kagua kwanza kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha wanazopokea. Kitabu cha dola 2.99 kwa mgawo wa mwandishi wa asilimia 35 kinakuachia dola 1.05 hivi. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwa mauzo ya huko asilimia 30 hukatwa tena, zikabaki senti 73. Wasomaji wa hapa nawauzia moja kwa moja kwa lipa namba, na PDF ya kila mnunuzi ina jina lake chini ya kila ukurasa. Kufuli la kidijitali silipendi: mtu akibadilisha simu anapoteza kitabu alicholipia. Jina linatosha kumfanya afikiri kabla ya kukirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Orodha ya wanunuzi naitunza pia kwa ajili ya marekebisho. Nikisahihisha kipimo cha mbolea, nabadilisha tarehe ya toleo ndani ya faili na kuwatumia wote nakala mpya bila malipo. Kusahihisha makosa madogo hakuhitaji ISBN nyingine. Kuongeza sura nzima kunahitaji.