"Hapana, Mwalimu"

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea niliingia darasani na somo moja nililolishika kuliko yote: mtoto apewe nafasi ya kuchagua.

Asubuhi moja nikatandaza kila kilichokuwa kabatini: rangi, udongo wa kufinyanga, mafumbo ya picha, shanga, vitabu, matofali ya mbao. "Haya, chagueni mnachotaka!" Wengi walivamia meza. Binti mmoja wa miaka 3 akabaki amesimama, kidole mdomoni, macho yakienda meza hii yakirudi ile. Nilimwendea mara mbili kumkumbusha kwamba yuko huru. Mara ya pili akaangua kilio. Nilidhani anaumwa.

Ikafika saa ya kukusanya vitu. Nikauliza kwa sauti tamu, "Jamani, tukusanye sasa?"

Mvulana wa miaka 4 aliyekuwa akijenga mnara alinitazama, akafikiri, akajibu kwa adabu zote: "Hapana, mwalimu." Akaweka tofali jingine.

"Ni lazima," nikasema.

"Si umeuliza?"

Jibu sikuwa nalo. Nikaanza kuyatia matofali kikapuni mwenyewe, mnara ukaanguka, naye akajibwaga sakafuni akirusha mateke.

Mwalimu mwenzangu, aliyenizidi miaka mingi kazini, alikuja akachuchumaa karibu yake. "Muda wa kukusanya umefika, mwanangu. Utaanza na makubwa au madogo?"

Kimya. Mateke yakalegea.

"Makubwa."

Nilikuwa nakipenda sana kile kisa cha Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, kuhusu shule aliyoifungua Rome mwaka 1907: kabati liliachwa wazi, watoto wakajichukulia vifaa wenyewe, na baadaye vifaa vikahamishiwa kwenye rafu fupi wanazozifikia. Nilikisimulia kila nilipopata msikilizaji. Kilichonipita ni kwamba watoto wale walikuwa wamekwisha kuvizoea vifaa vyao. Yule binti wa darasani kwangu nilimmwagia vitu sita kwa mpigo, vingine hajawahi hata kuvigusa.

Kesho yake nilimfuata nikiwa na brashi mbili tu, nene na nyembamba. "Utapaka rangi kwa brashi ipi?"

Alizikagua. Akagusa manyoya ya ile nene kwa ncha ya kidole, kisha ya nyembamba, akarudi kwenye nene. Nilijizuia kusema neno, na haikuwa rahisi. Mwishowe akachukua zote mbili, moja kila mkono, akaenda zake mezani.

Nikamwacha.