Ko, ko, ko

Ijumaa jioni nilibofya folda ya picha, ule mduara ukazunguka, ukazunguka tena, na chini ya kibodi nikasikia ko… ko… ko, kama mgeni anayebisha hodi huku hana hakika kama wenyewe wapo. Nikaizima kompyuta. Hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku ile, maana nusu saa baadaye niliiwasha tena "niangalie tu", nayo ikatangaza kwamba diski ina makosa na ikaanza kuyarekebisha yenyewe. Nilibonyeza kitufe cha kuzima nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.

Programu zile za ukarabati hudhani diski ni nzima na kilichovurugika ni orodha ya mafaili tu. Basi huandika, hufuta, huhamisha. Ikiwa tatizo ni chuma chenyewe, kila maandishi mapya ni mzigo juu ya mgonjwa, na pengine yanaangukia palepale ulipokuwa unataka kupaokoa.

Jumamosi niliazima kompyuta mpakato ya mdogo wangu, nikatengeneza flashi ya SystemRescue, mfumo mdogo wa kuokolea kompyuta, nikaitoa diski yangu ya GB 500 na kuiunganisha kwa waya wa USB. Mfumo wa kwenye flashi unanipendeza kwa sababu hauihitaji diski yoyote: unaendeshwa kutoka kwenye flashi, na unachoandika kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Diski inayokufa inabaki kuwa kitu cha kusomwa, haibebi tena kazi ya kuiendesha kompyuta.

Kabla ya lolote nikaendesha smartctl, programu inayosoma ripoti ya afya ya diski. Sifa namba 197, idadi ya sekta, yaani vyumba vidogo vya data, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje, ilionyesha 212. Baada ya dakika kumi, 220. Basi moyo ukaniambia: fungua folda ya picha sasa hivi, nakili upesi, mengine yatajijua! Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe. Lakini kufungua folda yenye picha elfu tatu kunaipeleka ile kalamu ya kusomea mbio huku na huko, kusaka vipande vya kila faili, na ikigota kwenye sekta mbovu inarudia na kurudia. Bora kuinakili diski nzima mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kuhangaika na nakala.

Kazi hiyo ni ya ddrescue, programu ya Antonio Díaz Díaz. Inafanya kama mwanafunzi mjanja kwenye mtihani: inajibu kwanza maswali mepesi. Ikikutana na eneo gumu inaliruka, inaendelea mbele, na ikishavuna kilicho rahisi ndipo inarudi kukwangua kingo za yale mashimo. Yote inayaandika kwenye faili dogo la ramani: hapa nimesoma, hapa nimeruka, hapa nimeshindwa. Ukikatizwa njiani, ramani hiyo inakurudisha palepale ulipoishia.

Ukiwa nayo, yaani.

Mimi niliihifadhi kwenye folda ya nyumbani ya mfumo wa flashi. Ambayo iko kwenye RAM. Ambayo hufutika umeme ukikatika. Saa nne za kazi zilikuwa zimepita, nikaamka kunyoosha mgongo, mguu ukanasa kwenye waya wa chaja, na betri ya mdogo wangu, kumbe, ilishakufa zamani. Kimya. Nilikaa sakafuni nikaitazama ile diski, nayo ikaacha kugonga, kama iliyoshangaa pamoja nami.

Nilianza upya. Safari hii ramani niliiweka kwenye flashi ya pili. Tena nilibandika vipande vya karatasi juu ya diski zote mbili, ile inayokufa na ile mpya ya kupokea nakala, INATOKA na INAENDA, kwa sababu ukichanganya sdb na sdc, majina ambayo mfumo umezipa, kwa bahati mbaya, programu itanakili utupu wa diski mpya juu ya kila ulichonacho, na haitakuuliza mara mbili. Niliyasoma majina kwa sauti kabla ya kubonyeza. Mdogo wangu akacheka: "Dada, unaisomea dua?" Sikukataa.

Ilichukua usiku kucha na asubuhi yote. Sehemu kubwa ilipita haraka. Robo ya mwisho ilitambaa, mara nyingine dakika nzima kwa tone la data, ko, ko, ko. Jumapili saa saba mchana ikasimama: sekta 300 za baiti 4,096 hazikusomeka. Ni kama MB 1.2 katika GB 500.

Niliiunganisha nakala na mfumo kwa kusoma tu, bila kuandika chochote, nikaanza kufungua faili moja moja kama anayehesabu watoto baada ya safari. Mashimo mengi yameangukia mahali nisipopajua. Moja limeangukia picha ya mdogo wangu siku alipojifunza baiskeli: kichwa, tabasamu, mikono kwenye usukani, kisha kuanzia magotini kushuka chini ni kijivu kitupu.

Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda.

"Mbona umenikata miguu?"

Kisha akaniomba nimtumie hivyohivyo.