Kangaja, mabeseni mawili na jua la Mombasa

Kangaja wa kwanza, yule samaki wa baharini, alinifia siku ya tisa, na kosa lilikuwa langu. Nilimtoa mfukoni, nikamzoesha maji nusu saa, nikamtia moja kwa moja kwenye tangi langu la lita 500 pale sebuleni. Alikuwa na vidoa viwili vitatu vyeupe kwenye pezi, mfano wa chembe za chumvi. Nikajiambia ni mchanga. Wiki haijaisha, samaki wote mle ndani wana hizo chembe, wanajikuna kwenye mawe, wanahema mbiombio. Wakafa wanne.

Tangi likakaa siku 76 bila samaki, muda ambao wafugaji wengi tunaufuata. Kaa, konokono na matumbawe nikayaacha humo humo, maana vimelea vya ugonjwa huo wa madoa meupe haviishi kwa hao. Vinataka samaki, na vikimkosa vinakufa.

Kangaja wa pili nilimpata kwa mzamiaji mwenye leseni upande wa Mtwapa. Ni yule wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la manjano. Uzuri wake unajulikana, na wepesi wake wa kuugua madoa meupe vilevile. Nilimtazama kwa tochi ubavuni: vidoa sita. Safari hii sikujidanganya.

Dawa ya shaba inaua vimelea hivi, lakini kipimo kikipungua kidogo haifanyi kitu, kikizidi inamuua samaki. Sikuwa na vifaa vya kuipima. Nikachagua njia ya kumhamisha, ambayo kwa mtu wa Mombasa ni rahisi zaidi: bahari tunayo, jua tunalo.

Siri yake iko kwenye maisha ya kimelea chenyewe. Kinakaa chini ya ngozi ya samaki siku tatu hadi saba, kinajilisha. Halafu kinadondoka, kinajishikiza sakafuni, kinajifunika gamba na kuzaa watoto mamia. Watoto hao hawatoki kabla ya siku tatu. Basi ukimhamisha samaki kabla saa 72 hazijatimia, vilivyodondoka vinabaki nyuma kwenye chombo kitupu, na wewe unakianika juani mpaka kikauke kabisa. Siku ya 1, ya 4, ya 7, ya 10, ya 13. Kimelea cha mwisho kitakuwa kimeshadondoka.

Nilinunua mabeseni mawili ya lita 40 pale Kongowea, moja jekundu, moja la buluu, nisije nikachanganya. Kila moja na pampu yake ya hewa, jiwe lake la kutoa mapovu na kona yake ya paipu ya kujifichia. Hakuna kinachovuka kutoka beseni hili kwenda lile, hata tone. Maji niliyachota Nyali bamvua, yakiwa yamejaa kabisa, mbali na midomo ya vijito, kwa sababu mvua ikinyesha maji ya huko huwa machafu na chumvi yake hupungua. Jerikeni zilipanda kwa tuktuk. Nayaacha yatulie siku tatu gizani, napima chumvi, natumia ya juu, ya chini namwaga.

Wavu sikuutumia. Kangaja ana kijembe kila upande wa shina la mkia, na kikinasa kwenye nyuzi utamrarua ukijaribu kumnasua. Nilichukua chujio la tui la plastiki la mke wangu: unamkinga nalo taratibu, unainua, maji yanachuruzika, unamshusha upande wa pili kabla hajajua kumepita nini. Siku ya nne alipiga mkia mara moja tu, kidole changu cha shahada kikapasuka kama kimekatwa kwa wembe. Mke wangu alinifunga plasta huku akiuliza chujio lake litarudi lini. Nilimnunulia jingine.

Jioni hiyo ya nne Ami alipita. Ami ni mvuvi tangu ujana wake, na habari ya samaki kulazwa hospitali ilimchekesha mpaka akakohoa. Akainama juu ya beseni.

"Mwanangu, huyu ashapoa. Hana hata doa."

Kweli, hakuwa na doa. Ngozi safi, anakula mwani kwa fujo.

"Ami, hivyo vidoa vimeshuka kwenda kuzaa. Hajapoa."

"Nyie na vitabu vyenu. Mtie tangini, samaki ataka nafasi."

Nakiri nilitamani kumsikiliza. Hapo ndipo wengi tunapoponzwa, nikiwemo mimi wa mara ya kwanza: madoa yakipotea tunasherehekea, kumbe ndiyo saa ya hatari. Siku ya saba asubuhi vikarudi viwili. Ami sikumpigia simu.

Chakula nilimpa kidogo, kwa kuwa beseni halina kichujio na samaki hutoa amonia, sumu ambayo hujilimbikiza upesi kwenye maji machache. Kipande cha mwani kwa kibanio cha nguo, kinachobaki natoa baada ya robo saa. Wengine huloweka chakula kwenye maji ya kitunguu saumu. Mimi naona kinaongeza hamu tu.

Usiku wa nane stima ikapotea. Joto la Machi hilo, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Pampu ya betri ilikuwa na betri mfu, kosa langu tena. Nikakaa sakafuni jikoni na kikombe, nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, tangu saa tano hadi stima iliporudi saa tisa na nusu. Kangaja alikuwa ameegemea kona ya paipu akinitazama kwa jicho moja.

Kitu kingine nilichoshuku ni minyoo bapa ya ngozi, ambayo haionekani kwa kuwa ni kama kioo. Kuhamisha peke yake hakuiondoi. Nilimchovya kwenye maji yasiyo na chumvi, joto lile lile la beseni, chembe ya soda ya kuokea ndani, bakuli jeusi, dakika tano saa mkononi. Alilala ubavu, roho ikaniruka. Dakika ya tatu vikaanza kudondoka vipande vyeupe kama ufuta. Kuchovya huku hakuvifikii vimelea vya madoa meupe, vimejificha chini ya ngozi, hivyo usidhani umemaliza kazi. Baadaye, kwenye tangi dogo la uangalizi, nilimpa prazikwanteli ya samaki, miligramu 2.5 kwa lita, mara mbili, wiki moja kati yake. Ni ile ile wanayomezeshwa watoto shuleni kwa kichocho, lakini vidonge vya watu sikuvigusa. Haviyeyuki vizuri majini.

Wiki mbili za uangalizi zilipita bila doa. Siku ya 28 nikamshusha kwenye tangi kubwa, akazunguka mawe mara tatu, akaanza kunyonyoa mwani.

Juzi Ami alibisha hodi na ndoo. Ndani yake kitatange mdogo.

"Huyu naye mlaze," alisema. "Mabeseni yako wapi?"

Yako juu ya paa, yamekauka.