Nilivyoua samaki sita kwa usafi

Nimelelewa na mama ambaye usipojiona sura kwenye sufuria uliyoosha, unarudishwa bombani. Mtu akiniambia kitu fulani nyumbani kwangu ni kichafu, mikono inaanza kuwasha kabla hajamaliza sentensi. Ndiyo maana shemeji yangu hakupata kazi ya kunishawishi.

Tanki lenyewe ni dogo, lita 30 hivi. Pamoja na pampu ya hewa, kichujio cha sponji na changarawe lilitugharimu laki moja na kitu, sikumbuki, maana aliyelilia ni mwanangu na aliyetoa pesa ni baba yake. Ndani samaki sita, wale wadogo wenye mkia unaopepea kama pindo la khanga, wauzaji wanawaita gapi. Waliishi miezi mitatu bila mtu kuwasumbua. Kisha sponji ikawa ya kahawia, kioo kikaota ukijani, na kaka yake mume wangu akaja kutusalimia kutoka Iringa. Badala ya kuangalia taarifa ya habari akawa anaangalia tanki.

"Shemeji, hawa samaki mnawanywesha matope?"

Basi, imeisha hiyo. Kesho yake Jumapili sikwenda hata kanisani. Samaki nikawahamishia kwenye jagi la chai, maji yote nikayamwaga uani. Changarawe niliisuuza kama mchele wa harusi, maji saba, mpaka la mwisho likatoka safi kama la kunywa. Sponji nikaifua kwa sabuni ya unga na kuianika kwenye kamba katikati ya soksi mbili. Jua la Oktoba hapa Dodoma halina mzaha. Nusu saa tu ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Kioo nikakipitisha jiki, nikasuuza mpaka harufu ikaisha. Kisha nikajaza maji moja kwa moja kutoka bombani, nikawarudisha wenye nyumba. Jamani, lile tanki liling'aa! Nikalipiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Shemeji akajibu kwa makofi matatu.

Jumanne asubuhi maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema.

"Mama, wanaongea?"

Nikamwambia wanashukuru. Hadi Alhamisi walioshukuru sana wanne walikuwa wamekufa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikampigia simu mshauri wangu, naye bila kusita: "Hukusuuza vizuri, Shemeji. Rudia." Nikarudia! Kila kitu, kuanzia jagi la chai mpaka soksi. Wawili waliobaki hawakuiona Jumapili.

Aliyeniokoa ni mwalimu mstaafu wa baiolojia anayekaa Kisasa, nilielekezwa na mwenzangu wa ofisini. Sebuleni kwake kuna tanki refu kama kabati la vyombo, na kioo chake cha nyuma ni kijani kitupu. Nikatoa shikamoo, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Binti yangu, kwenu mlikuwa mnagandisha maziwa kwenye kibuyu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kibuyu mlikiosha kwa jiki?"

Nikanyamaza. Bibi yangu angempiga mtu. Maziwa ya leo yanaganda kwa sababu ya yale ya jana yaliyoshika ukutani. Ukisugua kibuyu mpaka ubao, chachu umeitupa na maziwa yanaoza. Mzee akanionyesha sponji yake, nyeusi, inateleza kama bamia. Chachu ya tanki ndiyo hiyo. Samaki wanatoa amonia mchana na usiku, kwenye mashavu na kwenye kinyesi, na hiyo ni sumu. Bakteria wa aina moja, Nitrosomonas, wanaigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Wengine, Nitrospira, wanaichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo, na mimea inaila. Hao wote hawaogelei majini kama nilivyodhani. Wamejishika kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye vioo, yaani palepale nilipopita na jiki. Wakianza upya kutoka sifuri wanataka wiki nne mpaka sita, na samaki wangu walikuwa na siku mbili.

Halafu maji yetu ya Dodoma, mengi yakitoka kwenye visima vya Mzakwe, ni maji magumu. Kila mwenye birika hapa mjini anaujua ule ukoko mweupe. Gapi wanayapenda, ila mzee alisema kwenye maji ya namna hiyo, yanayoegemea upande wa magadi, amonia inauma zaidi kuliko kwenye yale yenye asidi. Kwa hiyo nilikuwa nimewafungia chooni na kutupa ufunguo.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Mzee alichukua mkasi, akakata kipande cha ile sponji yake nyeusi, ukubwa wa kitumbua, akakitia kwenye kopo la aiskrimu pamoja na maji ya tanki lake. Kifuniko akakilegeza, kwa kuwa bakteria hawa nao wanahitaji hewa. "Kisikauke, na kisikutane na bomba," akasema. Nikapanda bodaboda kutoka Kisasa mpaka kwangu Nkuhungu nimekumbatia kopo kama mtoto mchanga. Kila tuta maji yananimwagikia kwenye sketi. Dereva akauliza, "Dada, umebeba nini, mchuzi?" Nikamjibu: uchafu. Hakuniuliza tena, na chenji aliyozoea kubania alinirudishia yote.

Kile kitumbua nilikifunga kwa uzi ubavuni mwa sponji yangu mpya, pampu ikiwa inapuliza. Nikaweka samaki wawili tu, si sita, chakula chembe chache wanazomaliza ndani ya dakika mbili. Siku ya nne maji yakafanya ukungu kidogo, moyo ukanipasuka, mkono ukaenda bombani wenyewe. Nikautoa. Siku ya saba yakatakata. Wiki ya tatu ndipo nikaongeza wengine wanne.

Kuosha siku hizi ni Jumamosi, wiki moja ndiyo nyingine hapana. Maji nayakinga Alhamisi kwenye ndoo mbili zisizo na mfuniko, ili klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba, ipae. Juu naweka kipande cha chandarua kwa ajili ya vumbi na mbu. Mgao wa maji niliokuwa naulaani ndio ulionizoesha, ndoo zilizolala hazikosekani kwetu. Mzee alinitahadharisha kwamba klorini ikiwa ya aina ya kloramini hailali ikaondoka, hapo inatakiwa dawa ya matone. Mwezi wa saba, usiku unapokuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili, ndoo naitoa juani asubuhi mpaka nikitia mkono nisihisi tofauti na maji ya tanki.

Kunyonya maji natumia ule mpira mwembamba wa mafundi ujenzi, unaoonyesha ndani, elfu mbili au tatu hivi pale Majengo. Msinyonye kwa mdomo. Nimeshakunywa, ladha yake bado naikumbuka. Uzamishe wote ujae maji, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe kwenye ndoo, achia. Natoa lita saba au nane, basi, na katika kutoa huko napitisha ncha kwenye changarawe ya upande mmoja tu. Upande wa pili ni zamu ijayo. Sponji nayo ina wiki yake: naiminya mara tatu kwenye yale maji machafu niliyoyatoa, sio bombani, na inarudi ikiwa bado ya kahawia. Wiki ya sponji siigusi changarawe kabisa. Kioo cha mbele nakikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Cha nyuma sikigusi, na mgeni asiyependa akae upande mwingine.

Maji machafu yanakwenda kwenye mzabibu wetu uani. Ile nitrati ni mbolea, na huo mzabibu mwaka huu umetuaibisha kwa majirani, tumekula mpaka tukagawa.

Umeme ukikatika sponji haipati mpulizo. Nachukua kikombe, nachota na kumimina kutoka juu, mara kumi kumi, kila nikikumbuka. Mwanangu anadhani ni mchezo, kwa hiyo kazi hiyo ni yake.

Pasaka shemeji alikuja tena. Alikuta gapi wakubwa sita na vitoto kumi na moja, akavihesabu mwenyewe mara mbili, kuhusu kioo cha nyuma hakusema kitu. Wakati wa kuondoka akaomba watatu wa kupeleka Iringa. Nikampa, na nikamkatia kipande cha sponji, nikakitia kwenye kopo na maji yake, nikamweleza kila kitu kuanzia kibuyu mpaka Nitrospira, akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaingia jikoni kumfungia maandazi ya njiani. Nilipotoka nilimkuta bombani, kopo liko wazi chini, anakisuuza.