Namba ndogo haiguswi

Jaribio langu la kwanza la kusawazisha milinganyo ya kemia lilirudi likiwa na alama 3 kati ya 20. Pembeni mwa swali la kwanza mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Kunywa wewe."

Swali lilikuwa jepesi: H₂ + O₂ → H₂O. Niliona oksijeni ziko 2 kushoto na 1 kulia, nikachomeka kijinamba 2 chini ya O upande wa kulia. H₂O₂. Nikahesabu: haidrojeni 2 kwa 2, oksijeni 2 kwa 2. Sikuona kosa liko wapi, na nilikwenda mezani kwake kudai alama zangu.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nimetengeneza haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kupaushia nywele. Kijinamba cha chini ni sehemu ya jina la kitu. Ukikibadilisha, umeleta kitu kingine. Unachoruhusiwa kubadili ni namba kubwa ya mbele, yaani molekuli ngapi: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Bado nilikuwa nabisha kimoyomoyo, mpaka alipoandika uzito: gramu 4 za haidrojeni, gramu 32 za oksijeni, maji gramu 36. Hapo nikanyamaza. Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, alishikilia hilohilo katika karne ya 18, kwa mizani: kinachoingia ndicho kinachotoka.

Kujua sheria hakukunisaidia na swali la kuungua kwa butani, ile gesi ya viberiti. C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O ilinimalizia kurasa mbili za daftari. Nilikuwa naanza na oksijeni, nikiiweka sawa, halafu nikigusa kaboni inavurugika tena, kama kujifunika shuka fupi. Jirani yangu wa dawati ndiye aliyenifungua macho: oksijeni iache mwisho, kwa sababu upande wa kushoto imesimama peke yake, unaweza kuiongeza bila kumsumbua mwingine. Kaboni 4, kwa hiyo 4CO₂. Haidrojeni 10, kwa hiyo 5H₂O. Sasa oksijeni za kulia ni 8 na 5, jumla 13, na zinakuja mbilimbili. Sita na nusu! Niliona kama nimeshikwa na mali ya wizi. Akacheka, akazidisha kila kitu kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Nilihesabu mara tatu. Oksijeni 26 huku, 26 kule.

(Salfeti, yaani vitu vyenye kundi la SO₄, salfa moja na oksijeni nne, zilikuja baadaye, na nilizipenda. SO₄ ikivuka mshale bila kuvunjika, mimi huihesabu kama mtu mmoja.)

Jumapili iliyopita mpwa wangu aliniletea swali la kutu: Fe + O₂ → Fe₂O₃. Alikuwa ameshafuta 2 ya chuma, na ile 3 ameigeuza 2. FeO₂. Chuma 1 kwa 1, oksijeni 2 kwa 2, na uso umejaa tabasamu.

Nikamwomba kalamu nyekundu.